Kushughulikia Udanganyifu wa Wanafunzi Katika Kozi za Mtandaoni: Mwongozo Kamili Kutoka Shaka Hadi Uamuzi

Wahadhiri wengi wanaofundisha kwa njia ya mtandao hukwama mahali pamoja. Mhadhiri anaiona kazi iliyonakiliwa, anajua kabisa kwamba aliyeiwasilisha hakuiandika, anampa sifuri papo hapo na kumtumia ujumbe mkali. Wiki chache baadaye kamati ya nidhamu inaifuta kesi na mwanafunzi anarudishiwa alama zake. Mara nyingi shaka ya mhadhiri ilikuwa ya haki kabisa. Kilichomwangusha ni mpangilio, kwa kuwa ushahidi ulianza kutafutwa baada ya mashtaka kutolewa, ilhali ulipaswa kutangulia.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano unaopaswa kufuatwa, na hakuna hata moja inayofaa kurukwa. Zinamfaa mhadhiri anayetumia jukwaa la masomo kama Moodle, Canvas au Blackboard, na pia anayekusanya kazi kwa baruapepe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya muhula kuanza

Usisubiri tukio ndipo uanze kuvitafuta, kwani vingine havipatikani tena baada ya siku chache.

- Kanuni za chuo chako kuhusu udanganyifu, toleo linalotumika mwaka huu wa masomo. Tafuta humo mambo matatu: nani mwenye mamlaka ya kutoa adhabu, ni kiwango gani cha ushahidi kinachotakiwa, na una siku ngapi za kutoa taarifa tangu ulipogundua tukio.
- Silabasi inayoeleza, kwa kila zoezi, kipi kinaruhusiwa na kipi kinakatazwa.
- Ruhusa ya kusoma kumbukumbu za jukwaa, yaani nani aliingia lini, alifungua nini na aliwasilisha saa ngapi. Muulize msimamizi wa jukwaa kumbukumbu hizo hutunzwa kwa muda gani kabla ya kufutwa.
- Sampuli ya maandishi ya kila mwanafunzi, iliyopatikana wiki ya kwanza.
- Folda yenye nywila kwa ajili ya ushahidi.
- Mhadhiri mwenzako asiyefundisha kozi hiyo, atakayekubali kuusoma ushahidi bila kujua jina la mwanafunzi.

Hitaji hili la mwisho hupuuzwa sana, nami nalihesabu kuwa ndilo lenye thamani kuliko yote. Mtu aliyekasirika huona dalili hata mahali ambapo hazipo, na hasira hiyo haionekani kwa mwenyewe.

## Hatua ya 1: Weka mpaka ulio wazi kwa kila zoezi

Sentensi ya jumla kwamba udanganyifu ni marufuku haimsaidii mtu. Mwanafunzi huyohuyo anaweza kuwa katika kozi nne zenye sheria nne tofauti: moja inamruhusu kutumia akili mnemba kutafuta mawazo, nyingine inamkataza kabisa, ya tatu inataka kazi ya kikundi na ya nne inaiita kazi ya kikundi kuwa kosa. Akifika mbele ya kamati na kusema hakujua, kamati itasoma maelekezo yako ya zoezi kabla ya kusoma kazi yake.

Kwa hiyo andika juu ya kila zoezi maneno ya namna hii: "Zoezi hili ni la mtu mmoja. Unaruhusiwa kutumia vitabu na maelezo ya darasani. Unaruhusiwa kujadili swali na wenzako, lakini hairuhusiwi kuonyeshana majibu yaliyoandikwa. Programu za akili mnemba zinaruhusiwa kusahihisha tahajia tu. Ukizitumia, taja programu na mahali ulipoitumia."

Kisha weka swali moja la alama ndogo mwanzoni mwa kozi linalompima mwanafunzi kama ameelewa mpaka huo. Jibu lake hubaki kwenye jukwaa likiwa na tarehe. Utajua umefanikiwa wanafunzi wanapoanza kukuuliza maswali ya undani, kama vile iwapo kumpa rafiki asome rasimu kunahesabika kuwa kosa.

## Hatua ya 2: Panga tathmini ambayo yenyewe hutoa ushahidi

Hatua hii hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inapunguza udanganyifu, na unapotokea inaacha alama zinazosomeka.

Kwa mitihani ya maswali mafupi, tengeneza benki yenye maswali mengi kuliko yatakayoulizwa, kisha jukwaa limchagulie kila mtu kwa nasibu. Ficha majibu sahihi hadi muda wa mwanafunzi wa mwisho uishe, wakiwemo waliopewa muda wa ziada kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa. Katika masomo ya hesabu tumia maswali ambayo kila mwanafunzi hupewa tarakimu zake. Ukimkuta mwanafunzi aliyepewa 48 ameandika jibu linalotokana na 36, na kuna mwenzake aliyepewa hiyo 36, umepata ushahidi ambao ni vigumu sana kuueleza kwa njia nyingine yoyote.

Kwa insha na ripoti, gawanya kazi iwe na vituo: mada, muhtasari, rasimu, kazi ya mwisho. Kila kituo kipewe alama chache. Anayeandikiwa kazi na mtu mwingine kwa malipo hupata tabu kulipia vituo vinne vilivyotenganishwa kwa wiki mbilimbili, na rasimu mbovu iliyofuatwa na kazi safi isiyohusiana nayo hata kidogo huonekana mara moja.

Kuhusu usimamizi kwa kamera, nashauri uwe chaguo la mwisho. Intaneti hukatika, si kila mwanafunzi ana chumba chake, na baadhi ya taratibu zake zimeshapingwa mahakamani. Nchini Marekani mwaka 2022 jaji wa shirikisho aliamua kwamba Cleveland State University ilivunja haki ya faragha ya mwanafunzi kwa kumtaka azungushe kamera kuonyesha chumba chake kabla ya mtihani. Ukilazimika kuutumia, waeleze wanafunzi mapema nini kinarekodiwa, nani atakiona na kitafutwa lini.

## Hatua ya 3: Unapoona dalili, hifadhi kwanza na usiseme neno

Siku uliyoshuku ndiyo siku hatari kuliko zote. Usiandike maoni makali pembeni mwa kazi, usitume tangazo kwa darasa zima kwamba "wapo waliodanganya na nimewajua", na usimwingizie sifuri. Tangazo la namna hiyo huwatia hofu wasio na hatia, na walio na hatia hulipokea kama onyo la kufuta mazungumzo yao.

Badala yake fanya haya kwa siku hiyohiyo:

1. Pakua faili halisi kama ilivyowasilishwa. Usiifungue na kuihifadhi upya, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kubadilisha tarehe zilizomo ndani yake.
2. Piga picha za skrini za ukurasa wa uwasilishaji zikionyesha tarehe na saa.
3. Pakua kumbukumbu za jukwaa kwa kipindi kizima cha zoezi, za darasa zima. Bila darasa zima hutaweza kujua kama tabia ya mmoja ni ya kipekee au ndiyo kawaida ya wote.
4. Andika aya moja, yenye tarehe, ya kile ulichokiona na jinsi ulivyokiona. Usiweke humo hukumu.

Alama ya kazi hiyo iache wazi na uendelee kusahihisha za wengine. Mwanafunzi akiuliza, mjibu kwamba kazi yake bado inapitiwa, na hilo ni kweli.

## Hatua ya 4: Pima uzito wa kila ushahidi

Hapa ndipo kesi nyingi hufa, nami nitakaa hapa zaidi.

### Ripoti ya mfanano

Asilimia inayotolewa na programu kama Turnitin hupima maandishi yanayofanana na yaliyomo katika hazina yake. Haipimi kosa. Kazi yenye 30% inaweza kuwa safi kabisa ikiwa mfanano unatokana na orodha ya marejeo, ukurasa wa mbele, maswali yaliyonakiliwa juu ya majibu na nukuu zilizowekewa alama. Kazi yenye 8% inaweza kuwa na aya mbili nzima zilizoibwa. Fungua ripoti, soma kila sehemu iliyotiwa rangi, kisha iweke sentensi ya mwanafunzi sambamba na ya chanzo chake. Jedwali hilo la safu mbili ndilo ushahidi; asilimia peke yake iache nje ya ripoti yako.

### Vitambuzi vya akili mnemba

ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika maandishi, ilitolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na muda si mrefu baadaye vitambuzi, yaani programu zinazodai kujua kama maandishi ni ya mashine, vikajaa sokoni. OpenAI, kampuni iliyoitengeneza, ilitoa kitambuzi chake Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi mdogo. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, katika majaribio yake kilitambua 26% tu ya maandishi ya mashine, na 9% ya maandishi ya binadamu kiliyahukumu kuwa ya mashine.

Lipo jambo zito zaidi kwa wanafunzi wanaoandika kwa lugha wasiyozaliwa nayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipovijaribu vitambuzi saba mwaka 2023 kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu wasio wazawa wa Kiingereza, kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kimakosa kuwa za mashine. Kitambuzi huangalia jinsi maneno yanavyotabirika, na mwenye msamiati mdogo huandika kwa kutabirika.

Hata kosa la 1% ni kubwa likizidishwa. Vanderbilt University ilipiga hesabu hiyo: kwa kazi 75,000 zilizopita katika Turnitin mwaka 2022, kazi 750 zingeweza kusingiziwa. Agosti 2023 ikakizima kitambuzi cha Turnitin.

Usiiulize kamwe programu yenyewe kama ndiyo iliyoandika. Mwaka huohuo wa 2023 mhadhiri mmoja Marekani alibandika insha za darasa lake ndani ya ChatGPT na kuiuliza hivyo. Ikakubali kuwa mwandishi, na wanafunzi waliokuwa wakihitimu wakazuiliwa alama. Programu hiyo haina daftari la kuangalia ilichomwandikia nani.

Ushahidi wenye nguvu katika aina hii hupatikana ndani ya kazi yenyewe. Angalia marejeo moja moja: je, makala inayotajwa ipo kweli, katika jarida hilo, toleo hilo na kurasa hizo? Akili mnemba hubuni marejeo yanayopendeza machoni na ambayo hayajawahi kuchapishwa popote. Rejeo lisilokuwepo ni kosa linalojitegemea, na huhitaji kuthibitisha lilibuniwa na nani. Mwanafunzi aliyeliweka anapaswa kulijibia.

### Majibu yanayolingana

Wawili kupata majibu sahihi yaleyale hakuthibitishi chochote, kwa kuwa hilo ndilo lengo la kufundisha. Angalia makosa. Tuseme maswali yana machaguo manne, na wanafunzi wawili wamekosea maswali sita yaleyale kwa kuchagua jibu baya lilelile. Kama kila jibu baya lina mvuto sawa, uwezekano wa kulingana kwa bahati katika yote sita ni theluthi moja ikizidishwa kwa yenyewe katika maswali yote sita, yaani 1 kati ya 729.

Inaonekana ndogo mno, lakini subiri. Darasa la watu 120 lina jozi 7,140, kwa hiyo ikiwa kila jozi ingekuwa na makosa sita ya pamoja, jozi zipatazo kumi zingelingana hivyo bila mtu kumwona mwenzake. Isitoshe, majibu mabaya hayana mvuto sawa. Kama nusu ya darasa ilinaswa na chaguo la tatu katika swali la saba, kulingana hapo kuna uzito mdogo sana. Hesabu wanafunzi wangapi walichagua kila jibu baya, kisha tilia maanani yale yaliyochaguliwa na hao wawili tu.

### Kumbukumbu za jukwaa na anwani za IP

Mwaka 2021 kitivo cha tiba cha chuo cha Dartmouth, Marekani, kiliwashtaki wanafunzi 17 kwa kufungua maelezo ya kozi kwenye Canvas wakati wa mitihani. Baadaye ikaonekana kwamba kurasa zinaweza kuitwa na kifaa chenyewe, simu au kompyuta iliyoachwa wazi, bila mtu kugusa kitu. Mashtaka yote yakafutwa na mkuu wa kitivo akaomba radhi. Zitumie kumbukumbu kama kielekezo cha mahali pa kuuliza maswali. Usizijengee kesi zikiwa peke yake.

Anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, nayo hudanganya. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, na wanaoishi bweni moja hutoka kwa anwani moja. Kwa upande mwingine, mtihani uliofunguliwa na jina moja kutoka nchi mbili ndani ya dakika kumi unastahili kuulizwa, ingawa wapo wanaotumia VPN, huduma inayoficha mahali mtu alipo mtandaoni, kwa sababu zao halali.

### Faili yenyewe

Faili za Word huweka jina la aliyeitengeneza na muda wa kuihariri. Insha ya kurasa kumi yenye dakika tatu za uhariri inashangaza, lakini huenda iliandikwa kwenye simu ikabandikwa, au kompyuta ni ya kuazima. Historia ya matoleo ya Google Docs ni bora zaidi, maana huonyesha maandishi yakikua. Ukiwataka wanafunzi waandikie huko tangu mwanzo, umempa asiye na hatia njia ya kujitetea.

Ukimaliza, andika chini ya kila kipande cha ushahidi maelezo mengine yanayowezekana, yasiyo na hatia. Mpe mwenzako yule asome pamoja na ushahidi. Hatua imefanikiwa ikiwa yeye, bila kusukumwa, anafikia shaka ileile uliyofikia wewe. Asipofika huko, sahihisha kazi kama nyingine yoyote na ufunge folda.

## Hatua ya 5: Mwite mwanafunzi mzungumze juu ya kazi yake

Angalia kwanza kama kanuni zako zinakuruhusu kuzungumza naye kabla ya kutoa taarifa. Vyuo vingine vinakataza. Kama unaruhusiwa, mwandikie kwa maneno ya utulivu:

"Ndugu mwanafunzi, nimesoma ripoti yako ya zoezi la tatu na nina maswali kuhusu namna ulivyoiandaa. Naomba tuzungumze kwa video kwa dakika ishirini siku ya Alhamisi au Ijumaa. Uje na rasimu, maelezo na vyanzo ulivyotumia. Bado hakuna uamuzi wowote uliofanywa."

Katika mazungumzo, uliza juu ya kazi. Maswali kuhusu tabia yake yaache. Nitatoa mfano wa ripoti ya utafiti ambayo ukurasa wake wa tatu ulisema sampuli ilichaguliwa kwa matabaka.

"Hapa umeandika kwamba ulichagua sampuli kwa matabaka. Matabaka yako yalikuwa yapi?"

"Yalikuwa… yale ya kawaida, mwalimu."

"Sawa. Katika kila tabaka ulichukua watu wangapi?"

"Sikumbuki vizuri. Kama ishirini hivi kwa jumla."

Jedwali la ukurasa wa tano lilionyesha watu 84. Aliyeandika ripoti hiyo mwenyewe angeweza kusahau idadi kamili, lakini asingesahau kwamba aligawanya watu kwa umri au kwa mwaka wa masomo, maana uamuzi huo ndio uliomkalisha usiku. Nyamaza baada ya kila swali na umpe muda. Woga humfanya hata mkweli akwame, kwa hiyo anza na swali rahisi, na ikiwa lugha ya kozi inamtesa, mruhusu aeleze kwa lugha anayoimudu ikiwa unaielewa.

Usimtege kwa kudai una ushahidi usio nao, na usimwahidi msamaha akikiri, kwa kuwa huenda huna mamlaka ya kuutoa. Akitoa maelezo yanayoingia akilini, yachunguze kwa dhati. Akikiri, mwachie aandike kwa maneno yake. Ndani ya saa moja baada ya kuagana, andika muhtasari na umtumie authibitishe au aurekebishe.

Mazungumzo mazuri hukupa kimojawapo kati ya viwili: shaka inayeyuka na unamshukuru kwa muda wake, au inapata miguu ya kusimamia. Matokeo ya kwanza nayo ni mafanikio, na mwambie waziwazi kwamba jambo limekwisha.

## Hatua ya 6: Amua njia, kisha andika ripoti

Pambanua kosa la kutojua na kosa la kukusudia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetaja chanzo mwishoni lakini akasahau alama za nukuu ndani ya aya anahitaji kufundishwa na kurudia. Aliyelipa mtu amfanyie mtihani, au aliyetoa nywila yake, anapaswa kufika kwenye kamati hata kama ni mara ya kwanza. Tahadhari: usimalize kimyakimya mambo ambayo kanuni zinataka yaripotiwe. Huruma ya siri humfanya mwanafunzi arudie kosa kwa mhadhiri mwingine akihesabiwa kuwa mkosaji wa mara ya kwanza, na huwaonea wale walioripotiwa kwa kosa lilelile.

Ripoti iwe fupi, kurasa mbili au tatu, kwa mpangilio huu: maelekezo ya zoezi kama yalivyokuwa, kifungu cha kanuni kinachohusika, mfuatano wa matukio kwa tarehe, ushahidi uliopewa namba, maelezo ya mwanafunzi kwa ukamilifu, na mwisho maoni yako. Ushahidi unaomtetea uweke pia, kwani kamati ikiugundua yenyewe haitaamini sehemu iliyobaki. Epuka maneno kama "ni dhahiri" na "haiwezekani kabisa". Andika kilichoonekana, mathalani kwamba marejeo manne kati ya tisa hayapo katika majarida yaliyotajwa, na uambatishe kurasa za yaliyomo za majarida hayo.

## Hatua ya 7: Baada ya uamuzi

Tekeleza uamuzi kama ulivyo, hata kama ulitarajia mkubwa zaidi au mdogo zaidi, na mkumbushe mwanafunzi kwa maandishi tarehe ya mwisho ya rufaa. Usiwasimulie wahadhiri wengine wala wanafunzi wenzake. Kazi zake zinazofuata zisahihishwe bila jina ikiwa jukwaa linaruhusu, kwa sababu macho yaliyokwisha kushuku huona makosa haraka.

Maswali yaliyovuja yaondoe kwenye benki siku hiyohiyo, na ulirekebishe lile zoezi lililofanya udanganyifu uwe rahisi. Folda ya ushahidi itunze kwa muda uliotajwa katika kanuni za chuo, hasa wakati rufaa bado iko wazi, kisha uifute pamoja na nakala zake zilizoko kwenye simu na baruapepe yako.